Kitambaa na Jiwe

Kitu kipya hununuliwa kwa macho, na kitu kilichotumika hununuliwa kwa akili. Anunuaye kipya ana dhamana ya mtengenezaji nyuma yake; likitokea la kutokea, anajua mlango wa kubisha. Anunuaye kilichotumika hana mdhamini ila uangalifu wake mwenyewe. Fedha ikishahama mfuko, muuzaji huwa mpita njia, na kasoro zilizokuwa mali yake huwa mali ya mnunuzi. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba biashara ya vitu vikuukuu ni jambo la bahati. Mimi sidhani hivyo. Nadhani ni elimu, tena elimu yenye kanuni chache zinazofundishika. Na katika insha hii nakusudia kuzieleza kwa mfano wa kitu ambacho wasomi hawakuzoea kukitia katika maandishi yao: meza ya biliadi ndogo, ile ambayo vijana wa mijini kwetu huiita meza ya pulu.

Msomaji anaweza kuuliza mwalimu wa lugha ana shughuli gani na meza za mchezo. Anazo shughuli mbili. Ya kwanza ni ya zamani. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko London, bweni nililokaa lilikuwa na meza 2 za namna hiyo, na mtunzaji wake, mzee aliyewahi kuwa fundi wa meza, alikuwa akiniita kumshikia pindo la kitambaa kila alipokibadilisha. Mikono yangu ilijifunza huko mambo ambayo sikuyatafuta vitabuni. Ya pili ni ya mwaka 2023. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alinijia na habari kwamba anataka kununua meza iliyotumika, aiweke chini ya paa la bati karibu na kituo cha pikipiki mjini Morogoro, apate riziki yake kwa sarafu za wachezaji. Alikuwa na shilingi 1,200,000. Katika hizo, 800,000 ilikuwa akiba ya miaka 3 ya kuendesha pikipiki ya mtu mwingine, na 400,000 ilikuwa zamu ya mama yake katika upatu.

Fedha ya upatu ina uzito wake. Aliyekwisha kupokea zamu yake hudaiwa na kila mwenzake ambaye zamu yake haijafika; akishindwa kulipa hapotezi fedha tu, hupoteza jina, na mwanamke aliyepoteza jina katika upatu hapokewi katika upatu mwingine. Basi meza ile, ikiwa nzuri, ingemfanya kijana kuwa mtu wa kujitegemea. Na ikiwa mbaya, ingewaangusha wawili kwa pigo moja.

"Mjomba," aliniambia, "nimeona meza 3. Moja inang'aa kama mpya, na bei yake ndiyo ndogo kuliko zote. Nakuomba uje uitazame kabla sijalipa."

Nilimwahidi kwenda, ila nilimtaka asichukue fedha siku ile. Mtu mwenye fedha mfukoni huona upesi kile anachotamani kukiona.

Kabla hatujatoka nilimchorea meza katika karatasi, nikaigawa mafungu mawili. Katika fungu la kwanza niliandika vitu vinavyobadilishika: kitambaa, matufe, fimbo, nyavu za matundu na kufuli. Katika fungu la pili niliandika vitu visivyobadilishika, au vinavyobadilishika kwa gharama inayokaribia bei ya meza nyingine: kitanda cha meza, yaani ule uso ulio chini ya kitambaa, na sanduku la mbao linalokibeba. Katikati niliandika kitu kimoja kilichosimama mpakani: mpira wa ukingoni, ule unaolirudisha tufe likiugonga. Nikamwambia, "Macho yako yatavutwa na fungu la kwanza, lakini fedha yako italindwa na fungu la pili. Yeyote akuuziaye kitu kikuukuu atakuonyesha la kwanza. Ni juu yako kulitafuta la pili."

Hebu tuanze na kitanda, maana ndicho meza yenyewe. Hata mwanzo wa karne ya 19 meza za biliadi zilitandikwa mbao, na mbao hupinda kwa joto na kwa unyevu. Mwaka 1826 John Thurston, mtengenezaji wa meza wa London, alianza kutandika mabamba ya sileti, jiwe lile lile ambalo zamani watoto wa shule waliliandikia hesabu zao. Sileti haipindi kwa mvua wala kwa jua. Hukubali kusagwa ikawa sawa kama maji yaliyotulia. Na uzito wake huifanya meza isitikisike inapoegemewa. Karibu karne 2 zimepita, na meza za mashindano makubwa ya dunia zinatandikwa jiwe hilo hadi leo.

Meza nyingi za bei ndogo hazina jiwe. Zina ubao uliofanywa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi ukagandamizwa. Ubao huo ukiwa mpya na mkavu hunyooka vizuri, na tufe hupita juu yake bila lawama. Walakini hunywa maji, ukinywa huvimba, ukivimba haurudi ulivyokuwa. Wahenga walikwisha kutoa hukumu yake kabla haujabuniwa: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Katika nchi yenye masika, chini ya paa la bati lenye matundu, kitanda cha ubao ni deni linalongoja siku ya kudaiwa.

Kuna njia 4 za kujua kama chini ya kitambaa pana jiwe au ubao, na hakuna hata moja inayotaka fundi. Kwanza, ingiza kichwa chini ya meza ukiwa na tochi. Ukingo wa sileti ni wa kijivu au mweusi, na ukingo wa ubao ni wa rangi ya udongo. Pili, weka kiganja chini ya kitanda. Jiwe ni baridi hata mchana wa jua, ubao sivyo. Tatu, kigonge kwa kifundo cha kidole. Jiwe hutoa sauti nzito iliyoshiba, ubao hutoa sauti ya ngoma. Nne, jaribu kuinua pembe moja ya meza. Bamba la sileti la meza ya futi 7, lenye unene wa milimita 19, hupita kilo 100 peke yake, mbali na sanduku. Meza inayoinuliwa na mtu mmoja bila kuguna haina jiwe ndani yake, hata mwenyewe akiapa.

Meza ya kwanza, ile iliyokuwa iking'aa, ilikuwa katika ua wa kilabu kimoja cha pombe. Kitambaa chake kilikuwa cha buluu, kipya, kimevutwa kikavutika, na pembe zake zilipakwa rangi ya dhahabu. Bei yake ilikuwa shilingi 550,000. Mpwa wangu alinitazama kama mtu anayengoja kupongezwa. Nilipitisha mkono chini ya kitanda, hakikuwa baridi. Nilikigonga, kikalia. Nilimulika, nikaona ukingo wa ubao umevimba karibu na tundu moja, na alama ya maji imeuzunguka kama ramani ya ziwa.

"Mwalimu," alisema muuzaji, "meza hii imevikwa nguo mpya juma lililopita tu."

"Naona," nilimjibu. "Nguo mpya hiyo ndiyo iliyonifanya nitazame mwili."

Sikusema neno hilo kwa dharau. Kitambaa kipya juu ya meza kuukuu si ushahidi wa wema wala wa ubaya, ni swali. Mtu mwaminifu huvika meza yake kitambaa kipya ili iuzike kwa bei njema, na mtu mwenye hila huivika ili kasoro isionekane. Tofauti yao haiko juu ya kitambaa, iko chini yake.

Tulikwenda kuiona meza ya pili, iliyokuwa katika baraza ya duka. Hiyo ilikuwa na jiwe, na jiwe lake lilikuwa zima. Matumaini ya kijana yaliinuka. Nilimwomba mwangalizi wa meza afungue mlango mdogo wa ubavuni ili tuone njia ambamo matufe hupita na sanduku la sarafu. Alisema ufunguo hana. Nilimwuliza uko wapi. Akasema unao mwenye meza, naye huja kila Jumamosi kuhesabu fedha.

Hapo palikuwa na somo ambalo halimo katika mbao wala mawe. Meza nyingi zilizo katika kilabu na baraza si mali ya wenye baraza hizo. Mwenye meza huiweka mahali pa mtu, akagawana naye mapato. Na asiye mwenye mali huweza, kwa shida au kwa tamaa, kuuza kisicho chake. Mnunuzi akilipa, siku ya Jumamosi mwenyewe hufika na ufunguo wake na mashahidi wake. Kwa hiyo ufunguo wa meza ya sarafu ni zaidi ya chuma, ni hati. Kando ya ufunguo, mnunuzi na atake karatasi iliyoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yenye jina la muuzaji, bei, tarehe na maelezo ya meza. Mali bila daftari huisha bila habari. Na mali bila hati yaweza kuisha yenye habari nyingi sana. Tuliaga, tukaondoka.

Meza ya tatu ilikuwa katika ghala la mtu aliyefunga biashara yake, na sura yake ilikuwa ya kuhuzunisha. Kitambaa kilikuwa kimechanika mahali 2, kimeungua kwa sigara, kimepata madoa ya vinywaji vya miaka. Nyavu zilikuwa zimekatika. Mpwa wangu hakuificha huzuni yake. Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi 750,000, ikizidi ile ya meza iliyong'aa kwa 200,000. Lakini chini yake palikuwa baridi, na nilipogonga, sauti ilikuwa nzito.

Sileti nayo ina ugonjwa wake, nao ni ufa. Meza kubwa huwa na mabamba 3 yaliyounganishwa, na mianya ya viungo vyake huzibwa kwa nta ya nyuki au kwa dawa ya kuzibia. Meza ndogo za barazani huwa na bamba moja. Pitisha kiganja polepole juu ya kitambaa, kutoka kichwani mpaka miguuni mwa meza, kisha upande hadi upande. Kidole huhisi ngazi ambayo jicho halioni. Ngazi kwenye kiungo hurekebishika. Kipande kilichomeguka karibu na tundu huvumilika. Ufa unaokata katikati ya bamba ndio mwisho wa mazungumzo.

Baada ya kujua kwamba jiwe ni zima, inafuata kujua kama meza imelala sawa. Hapa wanunuzi wengi hupotea, maana huona tufe likikengeuka, wakasema meza ni mbovu. Nilichukua tufe moja, nikalisukuma polepole sana toka upande mmoja; likaanza vizuri, kisha likakengeuka kushoto mpaka likagusa ukingo.

"Imepinda, Mjomba," alisema kijana.

"Labda imepinda, na labda imeinama," nilimwambia. "Hayo ni mambo mawili. Iliyoinama husimamishwa, iliyopinda huachwa."

Njia ya kuyatenga mambo hayo ni nyepesi. Lisukume tufe mara nyingi, katika mistari mingi, kwa kwenda na kwa kurudi. Likielekea upande ule ule wa chumba kila mara, popote lilipoanzia, meza imeinama: yaani sakafu au miguu si sawa, na dawa yake ni kuzungusha vikanyagio vya miguu au kutia kipande cha ubao. Likikengeuka kulia mahali pamoja na kushoto mahali pengine, kitanda chenyewe kimepinda, na hakuna mguu utakaokinyosha. Pimamaji ya mwashi huthibitisha neno hilo: iweke katikati na katika pembe zote 4, kwa urefu na kwa upana. Kiputo kikisimama mahali pale pale kote, ni mguu. Kiputo kikibadili mawazo yake toka pembe hadi pembe, ni kitanda. Katika meza ile kiputo kilisimama mahali pamoja kote. Tulikunja kipande cha boksi, tukakitia chini ya mguu mmoja, nikalisukuma tufe tena. Lilikwenda moja kwa moja hata mwisho, kana kwamba halikuwahi kulaumiwa. Kijana alilisukuma mwenyewe mara 6 au 7, na uso wake ukabadilika.

Sasa mpira wa ukingoni. Thurston huyo huyo alianza kuutumia mwaka 1835, lakini mpira wa siku zile ulikuwa mgumu wakati wa baridi, hata meza zikapashwa moto kabla ya mchezo. Dawa ilipatikana kwa kuupika mpira pamoja na salfa, kazi ambayo Charles Goodyear wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1844. Kwetu adui wa mpira si baridi. Ni joto na miaka. Huanza kuwa mgumu, kisha hupata nyufa ndogo ndogo, mwishowe hufa, na tufe likiugonga hurudi kwa uvivu. Ubonyeze kwa kidole gumba: ulio hai huingia kidogo ukarudi, uliokufa hukataa kama ubao. Kisha lipige tufe kwa nguvu kwa urefu wa meza. Kanuni za mashindano ya kimataifa hutaka lipite urefu huo mara 4 au zaidi bila kuruka. Meza ya barazani siidai kiasi hicho. Ikifika 3 huridhika.

Sikiliza pia sauti. Ukingo unaotoa mlio wa kutikisika mara nyingi una boliti zilizolegea, na spana moja humaliza shauri. Ukingo usiotikisika na bado haurudishi tufe ndio unaotaka mpira mpya, na gharama hiyo iingizwe katika bei. Meza ya tatu ilikuwa na kingo 6. 5 zilikuwa hai, na moja ilikuwa ikitikisika. Tulikaza boliti 3, ikafufuka.

Urefu wa ukingo nao una kanuni. Ncha ya mpira yapasa kuligusa tufe juu kidogo ya katikati yake, kwa kadiri ya asilimia 63.5 ya kipenyo. Tufe la namna ya Kimarekani lina kipenyo cha milimita 57, basi ncha iwe kiasi cha milimita 36 juu ya kitanda. Tufe la namna ya Kiingereza ni milimita 51, na ncha iwe kiasi cha milimita 32. Ukiona meza inalirusha tufe juu au inalibana chini, usiilaumu upesi. Pengine imepewa matufe ya meza nyingine. Ndivyo ilivyokuwa pale. Muuzaji alikuwa na matufe ya aina 2 yaliyochanganyika, na makubwa hayakuwa ya meza ile.

Jambo hilo huonekana zaidi katika meza za sarafu. Tufe jeupe likianguka tunduni lazima lirudi kwa wachezaji, na mengine yazuiliwe mpaka sarafu nyingine ilipwe. Meza haina macho; hulitambua tufe jeupe kwa sababu katika meza za Kiingereza ni dogo kidogo kuliko wenzake, au katika meza nyingine ni kubwa zaidi au lina chuma ndani yake. Kwa hiyo lijaribu tufe jeupe katika matundu yote 6, kisha yaangushe mengine yote, uyahesabu yanaporudi. Meza inayomeza tufe jeupe itamrudishia mwenyewe ugomvi kila usiku.

Nilipokuwa nikiyapima matufe hayo kwa mkono nilikumbuka kitu kinachotuhusu sisi wa pwani hii, nami sikuweza kumnyima kijana. Katika karne ya 19 matufe ya biliadi yalichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa matufe machache tu yaliyo sawa. Pembe zilitoka bara, zikateremka hadi Bagamoyo na bandari nyingine, zikavuka kwenda Unguja, zikapimwa kwa frasila, ambayo ilikuwa karibu kilo 16, na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Na Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu mwaka 1833. Pembe zetu zilisifiwa kwa ulaini wake, zikafanywa vitana, vinanda na matufe. Wapagazi waliozichukua kwa mabega hawakuiona kamwe meza ambayo mzigo wao uliiendea. Mwaka 1863 kampuni ya Phelan na Collender ya New York, kwa kuona pembe zinaadimika, iliahidi dola 10,000 kwa atakayegundua kitu cha badala. Ndipo John Wesley Hyatt akatengeneza matufe ya seluloidi, na baada ya mwaka 1907, Leo Baekeland alipogundua bakelaiti, ikafuata jamii ya utomvu uliotengenezwa viwandani ambao matufe bora ya leo yanafanywa nao.

"Basi, Mjomba," alisema mpwa wangu, "mchezo huu si mgeni kwetu kama Mama asemavyo."

Nilimwambia mchezo ni mgeni. Gharama yake ndiyo ya zamani kwetu.

Yalibaki mambo madogo. Tulimulika sanduku kutafuta mchwa na bungua, maana vumbi jembamba chini ya mbao ni barua ya wadudu, hatukuliona. Ufunguo ulikuwapo, na muuzaji alifungua bila kuombwa mara mbili. Kisha tuliketi kwenye ngazi ya ghala tukafanya hesabu, maana bei ya kitu kikuukuu si ile inayotamkwa na muuzaji. Ni ile, pamoja na kila kitakachohitajika hata kifanye kazi. Kitambaa kipya cha sufu na nailoni pamoja na ufundi, 150,000. Matufe ya kipimo kimoja, 120,000. Fimbo 2 na nyavu, 60,000. Gari na wachukuzi, 80,000. Jumla 410,000. Tulimwonyesha muuzaji hesabu hiyo mstari kwa mstari. Hakukasirika, kwa kuwa hatukuitukana meza yake; tuliihesabu. Tulikubaliana 600,000, na gharama yote ikawa 1,010,000. Zilisalia 190,000 za kodi ya mwezi wa kwanza na akiba ya dharura. Meza iliyong'aa ingemgharimu 550,000 na usafiri, na mvua za masika zingeimaliza; hapo angekuwa na kitambaa kizuri cha buluu na deni la mama yake.

Nililisimamia tendo la kuihamisha, kwa sababu sileti nyingi huvunjika njiani baada ya kuishi salama miaka mingi. Kingo hufunguliwa kwanza, kitambaa hutolewa, kisha bamba huchukuliwa likiwa wima, kama wachukuavyo kioo, wala halilazwi mikononi mwa watu. Likifika hupimwa upya kwa pimamaji, kwa kuwa usawa wa nyumba moja si usawa wa nyumba nyingine.

Dada yangu alikuwa na hoja nyingine, nayo haikuwa ya jiwe. Aliogopa kwamba meza itafunza uvivu. Hofu yake ilikuwa na haki, na kijana aliijibu kwa sharti alilojiwekea mwenyewe: haifungui kabla ya saa 10 alasiri siku za kazi, wala haruhusu kuchezea fedha. Mwaka uliofuata alikuwa ameilipia zamu ya mwisho ya upatu.

Tangu siku zile nimejiona nikiitumia karatasi ile ya mafungu mawili katika kazi yangu mwenyewe. Kila mwaka tasnifu huletwa mezani kwangu. Nyingine zimevaa vizuri: lugha yake inang'aa, majina ya wanazuoni wakuu yamepangwa kama nakshi, na ukigonga chini husikia ngoma, hapana ushahidi, au ushahidi umepinda huku na huku kila sura. Nyingine zimechanika: tahajia mbovu, sentensi zilizolegea, sura zisizofuatana, lakini ndani yake mna swali la kweli na data iliyokusanywa kwa jasho, iliyolala sawa toka pembe hadi pembe. Mwalimu mchanga huipa alama ya kwanza na kuikataa ya pili. Ilhali sentensi iliyolegea hukazwa kwa spana, na kitambaa hubadilishwa kwa mwezi mmoja. Asiye na jiwe hana cha kutandikia.

Aendaye kununua meza, basi, na achukue tochi, pimamaji, tufe moja la kipimo anachokijua, na rafiki asiyeitamani meza hiyo. Fedha aiache nyumbani hata siku ya pili.